Sufuria ya Watu Arobaini

Kilichotoka kinywani mwa Ishaka kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Alikitema kiganjani, akakipangusa mchuzi kwa kidole gumba, akakigeuza huku na huku, kisha akakiweka ukingoni mwa sahani pale ambapo kila mtu angekiona.

"Huu ni mfupa," akasema.

Watu arobaini wa karakana ya mifuko, hapo Bombolulu, walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yao ya saa saba, mashine za kushona zimezimwa, kila mmoja na sahani yake ya mbaazi za nazi na chapati mbili. Mwanasiti alikuwa amesimama nyuma ya sufuria yake, upawa mkononi, akimwongezea Kaviha, mmoja wa washonaji. Upawa ukabaki pale pale hewani, mchuzi ukichuruzika kurudi sufuriani.

"Ni jiwe hilo, Ishaka," Mwanasiti akasema. "Magunia ya siku hizi yaja na mawe chungu nzima."

"Jiwe nalijua, Mama Wardah. Mwaka jana jiwe lilinivunja jino. Hili lina vitundu. Njoo ulitazame mwenyewe."

Mwanasiti akaenda kulitazama. Lilikuwa na vitundu.

Sasa, ziko nyumba nyingi Kisauni ambapo kukuta mfupa kwenye mchuzi ni bahati, na watoto hupigania. Lakini sufuria hii ilikuwa na sharti moja, na kwa sharti hilo Mwanasiti alipewa kazi mbele ya wapishi wengine watatu: mboga tupu. Bi Caroline, msimamizi, alikuwa amechoka na ugomvi wa chakula. Huyu hali nyama isiyochinjwa na Muislamu, yule kanisa lake limemkataza, mwingine Jumatatu amefunga, na Mama Hansa, mkata vitambaa, tangu azaliwe hajatia mdomoni nyama, samaki wala yai. Basi ikaamuliwa kipikwe kile ambacho kila mtu hukila kwao: maharagwe, kunde, mchicha, mbaazi, viazi. Na kweli kila mtu alikidai kuwa chake. Kaviha alisema mbaazi ni chakula cha Wagiriama, hao wengine wameiga tu. Mama Hansa alisema mamake alizipika hapa hapa Mombasa kabla Kaviha hajazaliwa. Mwanasiti alikuwa akiwasikiliza wakigombana huku akipakua, na moyo wake ukijaa furaha, maana mtu hagombei chakula kibaya.

Mama Hansa alikuwa amekaa mwisho wa benchi la pili. Ana miaka sabini na mmoja, mwembamba, sari yake daima imebanwa kwa pini begani. Sahani yake ilikuwa nyeupe. Alikuwa ameshaifuta kwa kipande cha mwisho cha chapati.

"Mwanasiti," akaita. "Hebu niangalie. Mna nyama humu?"

"Hamna, Mama Hansa."

"Niangalie nikikuuliza."

Mwanasiti akamtazama usoni. "Wallahi, Mama Hansa. Wallahi billahi, nyama haijaingia katika sufuria hii. Nipate nini mimi nikikufanyia hivyo wewe?"

Mama Hansa akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeridhika. Kisha akainuka, akaenda kwenye bomba la uani, akasukutua. Akasukutua tena. Mabenchi yote yalimsikia akiteka maji, akisukutua, akitema, mpaka Mwanasiti akatamani ardhi ipasuke.

"Mimi nilishangaa kitambo," Ishaka akasema, kwa sauti ya chini sasa, kama anayejuta kuwa ndiye aliyeanza. "Mbaazi zenyewe tamu, sikatai. Lakini midomo yanata. Nikila hapa, mpaka jioni midomo yanata."

Bi Caroline akamwita Mwanasiti pembeni, karibu na marobota ya vitambaa. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mtu wa bara, msemaji wa moja kwa moja, na hilo lilimfanya aonekane mkali kuliko alivyokuwa.

"Mama Wardah, mimi sisemi umefanya. Lakini pia siwezi kusimama niwaambie hawa watu hujafanya. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Kesho utapika hapa uani, mbele ya kila mtu. Mbaazi zile zile. Ishaka ataonja. Zikitoka vile huwa, nitajua ni mkono wako tu, tutasahau. Zikitoka tofauti, basi kuna kitu ulikuwa unatia."

Langoni, askari ambaye kila siku humwambia "kesho uniletee ukoko", leo alimwambia asimame. Akakifungua kikapu chake, akatoa kanga, akaikung'uta, akatoa mwiko, akaunusa. Akachungulia ndani ya sufuria tupu. Wanawake wawili waliokuwa wakipita njia wakapunguza mwendo. Mwanasiti alipanga vitu vyake upya kikapuni, kimoja kimoja, asije mtu akasema ameondoka kwa kukimbia.

* * *

Nyumbani kwao Mjambere hakukuwa na mtu barazani. Mumewe, Ustadh Hamdun, alikuwa madrasani akisomesha. Binti yao, Wardah, hajarudi kutoka skuli. Mwanasiti akapita moja kwa moja hadi uani aisugue sufuria, na labda alie kidogo pasipo kuonekana.

Akakuta kimeanikwa kipande cha bafta.

Kilikuwa kwenye kamba ya nyuma kabisa, kimefichwa na sketi ya skuli ya Wardah, cheupe cha pamba, ukubwa wa leso ya mfukoni. Mwanasiti hakukijua. Akakishika. Kilikuwa kimefuliwa, lakini mafuta hayafi kwa sabuni moja, na kilikuwa kigumu kama kitambaa kilichotiwa wanga. Akakileta puani, akasikia harufu ya supu. Akakikunjua, na pale katikati akaona pamechanika, tundu la kutosha kupenya kidole.

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kila alfajiri, akishaswali, yeye huziacha mbaazi zikitokota kwa moto mdogo, akaenda kukunisha nazi kwa mashine na kutafuta mboga. Saa nzima, pengine na robo. Na aliyebaki akiitazama sufuria ni mmoja.

Bi Sheikha, mavyaa wake, mama yake Hamdun, alikuwa chumbani, ameketi juu ya mswala, tasbihi mkononi, ingawa wakati wa swala ulikuwa umepita.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Leo warudi mapema."

"Hiki kitambaa ni cha nini?"

Bi Sheikha akakitazama. Hakushtuka wala hakubabaika, na hilo ndilo lililomtisha Mwanasiti.

"Cha kutilia mifupa."

"Mifupa gani, mama?"

"Ya ng'ombe. Sharif wa buchani hunipa, hataki hata senti, alikuwa akimheshimu sana marehemu mume wangu. Naifunga humo, naitumbukiza uendapo kukuna nazi, naitoa kabla huyarudi. Kwani pana nini?"

Mwanasiti akakaa chini sakafuni.

"Mama, wale watu hawali nyama. Nilikwambia. Siku ya kwanza nilikwambia."

"Na mimi sikuwapa nyama!" Bi Sheikha akasema, na sasa sauti ilipanda. "Kuna aliyekuta mnofu hata mmoya? Mfupa si nyama. Nimeutia na nimeutoa. Nimewatilia nguvu tu, watu wa kazi wale, wakaa na mashine kutwa kucha. Nipate dhambi kwa kuwatilia watu nguvu?"

"Tokea lini?"

"Tokea ile wiki waliyokurudishia nusu ya sufuria. Umesahau? Walia hapa, wasema hawakupenda, watakutoa. Nikasema la, mke wa mwanangu haaibiki na mimi niko hai." Akageuza tasbihi upande wa pili. "Kwetu Kuze, mgeni hakupawa mchuzi mtupu. Hata hamali aliyemshushia babangu marobota alikula na nyama. Leo nyinyi mwalisha watu arobaini majani na maji, nami nikae tini nitizame?"

Mwanasiti akahesabu kichwani. Wiki tatu. Wiki tatu hizo ndizo alizosifiwa. Ndipo Kaviha alipomwuliza siri yake ni nini, na yeye akajibu kwa maringo kwamba siri ni tui la kwanza lisichemke. Mama Hansa alimbebea binti wa mwanawe mbaazi zake kwenye kopo. Yeye akatembea uani pale kichwa juu, mpishi, kumbe aliyekuwa akipika ni fundi mwingine kabisa. Aliona haya, na ndani ya haya hizo mlikuwa na hasira ambayo hangeweza kuitoa mbele ya mwanamke mwenye umri ule.

"Mama, mfupa umeonekana," akasema. "Umepenya hapa. Mtu ameutema mbele ya watu. Na mimi nimeapa."

Bi Sheikha akaacha kuhesabu tasbihi.

Hamdun aliporudi baada ya alasiri alisikiliza yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Alikuwa mtu mpole, na upole wake mara nyingi ulimfaa yeye mwenyewe kuliko wengine.

"Kiapo chako hakina dhambi," akasema kwanza. "Uliapa juu ya ulichokijua."

"Sikuulizi kiapo. Nakuuliza nifanye nini kesho."

"Upike. Mama hatatia tena. Si ndiyo, mama?" Toka chumbani zilisikika tasbihi tu. "Hatatia tena. Basi limekwisha, na Mungu ni mwenye kusamehe."

"Na Mama Hansa?"

Hamdun akakaa. "Fikiri vizuri. Yule mama leo atalala akijiona yu safi kama alivyozaliwa. Ukimwambia, hutamtoa kilicho tumboni. Utamtia kilicho moyoni tu. Sasa hapo umemtendea wema au umejitendea wewe?"

Lilikuwa neno zito, na huenda lilikuwa kweli.

"Na ada ya skuli ya Wardah inalipwa na sufuria hiyo," Hamdun akaongeza, taratibu, akitazama kofia yake. "Halafu kuna mama. Utamsimamisha mama yangu mbele ya makafiri na watu wa bara, aambiwe alilisha watu mifupa kwa siri?"

"Mama sitamtaja."

"Basi umeshaamua kunyamaza."

"Nimesema sitamtaja," Mwanasiti akajibu. Akaenda kuloweka mbaazi.

* * *

Ijumaa saa nne asubuhi jiko lilikuwa limewashwa uani mwa karakana. Askari alikagua kikapu tena. Bi Caroline alisimama kivulini na daftari lake, na Kaviha aliombwa akune nazi, ili nazi nayo isipite mkono wa mpishi. Wenye kushona walijifanya wanashona. Kila baada ya muda mashine moja ilinyamaza na kichwa kikachungulia dirishani.

Mama Hansa alileta kigoda chake, akakaa hatua tatu kutoka motoni. Kaviha alimnong'oneza Mwanasiti kwamba mama huyo hajala kitu tangu jana, maji tu.

Mwanasiti alipika kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Kitunguu, nyanya, pilipili nzima, tui la pili. Akaonja. Zilikuwa mbaazi, basi. Mbaazi za kila nyumba. Kitu kile kizito kilichokuwa kikikaa nyuma ya ulimi hakikuwemo, na sasa alijua kilikuwa kitu gani. Akaongeza chumvi. Akaonja tena.

"Mama Hansa," akasema, "ule mvuje wako bado unao?"

Wiki ya kwanza Mama Hansa alimletea mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, kwenye kikopo, akamwambia kwao hawapiki dengu wala mbaazi bila huo. Mwanasiti alicheka, akamrudishia. Mvuje kwao hufungwa kwenye kitambaa, mtoto mchanga akavishwa mkononi, mashetani wasimsogelee. Nani akautia chakulani?

Mama Hansa alikwenda kwenye meza yake ya kukatia, akarudi na kikopo. "Chembe tu," akasema. "Katika mafuta ya moto. Na bizari nzima. Kisha unamwagia juu."

Harufu ilipoinuka, uani wote ulikunja pua. "Mnapika au mnapunga pepo?" Ishaka akauliza kutoka mlangoni, na watu wakacheka, kicheko cha kwanza tangu jana. Lakini mafuta yalipomwagiwa mbaazi na tui zito likafuata, harufu ile ikalainika, ikawa kitu kingine. Mwanasiti akaonja. Zilikuwa tamu. Zilikuwa tamu kweli, za mkono wake na za kikopo kile. Lakini hazikuwa zile.

Ishaka akaletewa sahani. Akaegemeza ukutani magongo anayotembelea, akakaa, akachovya chapati, akatafuna. Watu wakasogea. Akatafuna tena. Akapitisha ulimi juu ya midomo, mara moja, mara mbili, na Mwanasiti akaona wazi kwamba midomo ile hainati.

Ishaka akainua macho, akamtazama mpishi. Sijui aliona nini. Pengine aliona mtu aliye karibu kupoteza kazi.

"Ni zile zile," akasema.

"Una hakika?" Bi Caroline akauliza.

"Zile zile. Jana nilikosea. Labda ni kifuu cha nazi kile." Akainamia sahani yake, asimtazame mtu.

Bi Caroline akafunga daftari. Watu wakapiga makofi, wakapanga foleni na sahani zao, na Kaviha akampiga Mwanasiti kofi la furaha begani. Limekwisha, kama alivyosema Hamdun. Halikumgharimu chochote.

Mama Hansa hakupanga foleni. Walimpisha aje mbele. Akanyoosha sahani kwa mikono miwili.

"Unisamehe, mwanangu," akasema, na alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Jana nilisukutua mbele ya watu. Nilikuaibisha nawe ulikuwa umeniapia. Nimekaa na njaa hii kwa ajili hiyo, nile kwanza cha kwako."

Mwanasiti akajaza upawa. Akauinua mpaka ukingo wa sahani. Hapo mkono ukakataa.

"Mama Hansa. Cha leo ni safi. Umekiona. Lakini jana ule ulikuwa mfupa."

"Nini?"

"Ulikuwa mfupa wa ng'ombe. Si wa jana tu. Wiki tatu."

Ishaka akafumba macho.

"Nani alitia?" Mama Hansa akauliza. Bado alikuwa ameinyoosha sahani.

"Umetoka jikoni kwangu."

"Sikuuliza jiko. Nimeuliza nani."

"Mimi," Mwanasiti akasema.

"Uliapa."

"Niliapa."

Mama Hansa akaishusha sahani yake tupu. Akaiweka juu ya kigoda, sawasawa, isianguke. "Mwanangu aliniambia nisile kwa watu," akasema. "Nikamgombeza. Nikamwambia, jiko la yule Muislamu ni safi kuliko lako." Akamwomba Kaviha mkoba wake. Alitoka langoni akitembea kwa kasi asiyoiweza, mkono mmoja umeziba mdomo.

Bi Caroline alimlipa Mwanasiti wiki yake pale pale. "Ungenyamaza tu," akamwambia, kwa uchungu hasa, kama aliyetukanwa. "Kwa nini hukunyamaza? Usije Jumatatu."

* * *

Bi Sheikha aliyapata yote jioni ile, tena si kwa Mwanasiti, mkamwana wake. Kaviha alipita Mjambere kurudisha mwiko uliosahaulika, akakaa barazani, akasimulia. Alipofika pale pa "mimi", Bi Sheikha akamwambia arudie. Kaviha akarudia.

Usiku huo Bi Sheikha hakula. Jumamosi baada ya adhuhuri Mwanasiti alimkuta sebuleni amevaa buibui lake la kutokea, viatu miguuni.

"Nipeleke kwa huyo mama."

"Mama, hakuna haja. Yamekwisha."

"Yamekwisha kwako. Ita tuktuk."

Mama Hansa alikuwa akikaa na mwanawe huko Bamburi, nyumba ya ghorofa, orofa ya pili. Bi Sheikha alipanda ngazi akipumzika kila baada ya tatu. Mama Hansa mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Alimwona Mwanasiti, na uso wake ukajifunga. Kisha akamwona mkongwe nyuma yake anayehema, na hakuna mwanamke wa Mombasa awezaye kumfungia mlango mtu wa umri ule.

"Karibuni," akasema.

Sebuleni kwenye pembe palikuwa na rafu ndogo yenye picha za miungu yao na taa inayowaka. Bi Sheikha aliiona, akashusha macho. Miaka yote ya maisha yake hakuwahi kuketi ndani ya nyumba yenye kitu hicho. Aliketi kwenye ncha ya kiti, buibui amelikusanya mapajani.

"Mimi ni mama wa mumewe," akaanza. "Mifupa ni yangu mimi. Niliifunga kwa kitambaa, nikaitia yeye akiwa hayupo, nikaitoa. Huyu hakujua mpaka Alhamisi alasiri. Alipokuapia, aliapa kweli."

Mama Hansa akamgeukia Mwanasiti. "Mbona ulisema ni wewe?"

Bi Sheikha akamjibia. "Kwa sababu ana adabu. Mimi ndiye sikuwa nayo." Neno hilo lilimtoka kwa shida. "Nalidhani mfupa si nyama. La, nisikudanganye. Nalidhani hamna akili, watu wa kula majani. Nikasema nitawafanyia wema bila wao kujua. Ndio nimekuya unisamehe. Usiponisamehe, haki yako."

Mama Hansa akainuka, akaingia jikoni. Wakasikia bomba, wakasikia kabati. Mwanasiti akadhani wamefukuzwa kwa njia ya kiungwana. Kumbe alirudi na sahani ya bhajia za viazi, za moto bado, na kibakuli cha chatini ya nazi. Alikuwa na mgeni mkongwe nyumbani mwake, na mgeni hupewa kitu. Akaiweka mbele ya Bi Sheikha.

Bi Sheikha akaitazama sahani. Akaitazama taa ya pembeni. Na kwa mazoea ya miaka sabini na kitu, kabla hajaweza kujizuia, akauliza, "Zimetiwa nini?"

"Viazi," Mama Hansa akasema. "Unga wa dengu, pilipili, kotmiri. Mafuta ya dukani. Hazikutolewa kwa miungu, kama hilo ndilo unaloogopa." Akakaa. "Lakini hukuwapo nikizikaanga. Una neno langu tu."

"Nimekusamehe," Mama Hansa akaendelea. "Umekuja na miguu hiyo, ukapanda ngazi hizo, nisipokusamehe nitakuwa mtu gani? Na wewe Mwanasiti, nimekusamehe. Lakini leo asubuhi mkamwana wangu ameniletea chai na chapati. Miaka kumi na minane nala kwa mkono wake. Nikamwuliza, umekandia nini? Sijawahi kumwuliza. Akaniangalia, akainamisha uso, akaenda chumbani, na mpaka sasa hajatoka." Alikuwa akilia sasa, bila sauti, na hakujipangusa. "Nimerudi jikoni kujipikia mwenyewe. Hizo nimejikaangia mimi. Sitaki, lakini siwezi kula nisichokiona kikipikwa. Nimejaribu. Hakipiti."

Mwanasiti alitaka kumshika mkono, akahofia.

Bi Sheikha akakunja mkono wa buibui. Akasema bismillahi, kwa sauti, akachukua bhajia kwa mkono wa kulia, akaila. Alitafuna kwa muda mrefu. Akachukua ya pili, akaichovya chatini, akaila yote. Akachukua ya tatu. Mama Hansa alikaa akimtazama akila, mikono yake mapajani, na hakugusa kitu.